Wimbo Umeununua, Masikio ya Wateja Hujayalipia

Hoja huwa ile ile, na mwenye biashara huitoa kwa uchungu wa kweli: "Muziki huu nimeulipia." Ana risiti ya santuri, au ada ya huduma ya muziki mtandaoni inakatwa kwenye simu yake kila mwezi bila kukosa. Redio nayo ni ya bure, kila mtu anajua. Sasa anatokea mtu mwenye kitambulisho shingoni, anasimama mlangoni, anategea sikio kidogo, kisha anaomba kuonyeshwa leseni ya muziki. Leseni gani tena? Ya biashara si hiyo hapo ukutani? Wiki mbili baadaye anakuja mwingine, wa chama kingine, na ankara nyingine, kwa nyimbo zile zile. Hapo mwenye duka anakata shauri kwamba anaibiwa.

Inawezekana haibiwi. Inawezekana pia anaibiwa, maana matapeli katika jambo hili hawakosekani, na nitawarudia. Lakini ubishi mwingi wa mlangoni huzaliwa na jambo moja: mwenye duka na sheria wanajibu maswali tofauti. Yeye anajibu swali la "wimbo huu umeupataje?" Sheria haijamuuliza hilo. Imemuuliza, "unampigia nani?"

Mali tatu ndani ya dakika tatu

Tuanze na wimbo wenyewe, kwa sababu fujo yote imejificha humo. Tuseme mtu ameketi na gitaa lake, akatunga maneno na sauti ya wimbo. Hapo pana mali tayari, hata kama hakuna studio iliyowashwa. Mali hiyo huitwa utunzi, nayo ni ya mtunzi, au ya mtunzi na mchapishaji wake kama ana mkataba naye. Miaka miwili ikapita. Mwimbaji mwingine akaupenda wimbo ule, akaingia nao studio pamoja na wapiga ala, na kampuni fulani ikagharimia kazi yote. Kilichotoka studio ni mali nyingine: rekodi. Ndani ya rekodi hiyo wamo watu wa aina mbili wenye madai yao, yaani walioimba na kupiga ala kwa upande mmoja, na mtayarishaji aliyetoa fedha kwa upande wa pili.

Kwa hiyo wimbo mmoja wa dakika tatu una mtunzi, una wasanii walioupiga, una mtayarishaji. Mtu mmoja anaweza kuwa wote watatu, na siku hizi wanaojirekodi chumbani ni wengi, lakini sheria huwahesabu kama watatu hata wakiwa ndani ya shati moja. Haki za mtunzi ndizo huitwa hakimiliki hasa. Zile za wasanii na watayarishaji huitwa hakishiriki, na zilichelewa sana kutambuliwa. Mkataba wa Berne unaowalinda watunzi ni wa mwaka 1886. Mkataba wa Roma uliowapa waimbaji, watayarishaji wa rekodi na vituo vya utangazaji nafasi yao ya kimataifa ni wa mwaka 1961. Pengo hilo la miaka 75 ndilo lililozaa ankara mbili kwa wimbo mmoja, kwa kuwa katika nchi nyingi watunzi walikuwa wameshajenga chama chao zamani, wa rekodi wakaja kujenga chao baadaye.

Sasa ongeza jambo la pili. Kila mali kati ya hizo ina haki nyingi zinazoweza kuuzwa mbalimbali: haki ya kunakili, ya kusambaza nakala, ya kutangaza redioni, ya kuweka wimbo chini ya picha za video, na haki ya kupiga muziki hadharani. Ukinunua santuri, umenunua kile kisahani na ruhusa ya kukisikiliza. Ukilipia huduma ya mtandaoni, umenunua ruhusa ya kusikiliza wewe na pengine jamaa zako wa nyumbani. Haki ya kupiga hadharani haimo katika vifurushi hivyo. Ni kama mtu aliyepanga chumba cha kulala kisha akafungua nyumba ya wageni ndani yake: kodi kweli amelipa, ila si ya kazi hiyo.

Na "hadharani" si lazima uwanja uliojaa watu. Katika sheria nyingi maana yake ni mahali popote ambapo wasikilizaji wanatoka nje ya mzunguko wa familia na watu wa karibu. Wateja watatu wanaosubiri kunyolewa ni hadhara. Kwa Uingereza hata wafanyakazi wako mwenyewe ni hadhara: mwaka 1943, katikati ya vita, mahakama iliamua kwamba muziki unaopigiwa wafanyakazi kiwandani ili kazi isonge ni muziki wa hadharani, ingawa hakuna mgeni anayeruhusiwa kuingia. Wengi hushangaa kusikia hivyo. Mimi naona hoja yake ni ya kawaida tu: mwenye kiwanda aliweka spika kwa sababu zilimletea faida, si kwa sababu aliwakaribisha nyumbani kwake.

Glasi ya Paris

Wazo la kudai malipo kwa mwenye mgahawa lilianzia mezani. Mwaka 1847 huko Paris, mtunzi Ernest Bourget aliketi na wenzake, Paul Henrion na Victor Parizot, katika mgahawa uitwao Café des Ambassadeurs. Muziki wao ukawa unapigwa pale bila wao kulipwa chochote. Ilipoletwa hesabu ya vinywaji, walikataa kulipa: ninyi mnatumia kazi yetu bure, nasi tumetumia yenu bure, tumetoshana. Kesi ikaenda mahakamani na Bourget akashinda. Mwaka 1851 kikaundwa chama cha SACEM, ambacho hadi leo ndicho kinachokusanya mirabaha ya watunzi nchini Ufaransa, na vyama vingi duniani vimeiga mwendo wake.

Hoja ya mwenye mgahawa wa Paris bado iko hai: mimi nauza vinywaji, siuzi muziki. Ilirudi New York kwa kishindo. Mtunzi Victor Herbert, mmoja wa waanzilishi wa ASCAP, chama cha watunzi cha Marekani cha mwaka 1914, aliushtaki mgahawa wa Shanley kwa kuimbisha wimbo wake wakati wateja wanakula. Mgahawa ukajibu kwamba hakuna aliyetozwa kiingilio. Mahakama za chini zikakubali. Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1917 ikakataa, na Jaji Oliver Wendell Holmes akaandika uamuzi mfupi ambao mpaka leo hakuna aliyeupatia jibu zuri. Kwa maneno yangu: chakula nacho si kitu pekee mteja anachokilipia, kwani angeweza kukila kwa bei nafuu kwingine. Analipia kula mahali penye raha, na muziki ni sehemu ya raha hiyo. Kama muziki haulipi, ungeachwa.

Mwenye biashara yeyote anayebisha kuhusu leseni ningemshauri ajijaribu kwa sentensi hiyo ya mwisho. Zima muziki wiki nzima. Kama hakuna kitu kilichobadilika, si mapato, si hali ya wafanyakazi, si muda anaokaa mteja, basi una sababu nzuri ya kutolipa: huuhitaji. Ukiona unauwasha tena siku ya tatu, umekwisha kumjibu Holmes.

Wenye rekodi walisubiri hadi mwaka 1933, pale kampuni ya Gramophone ilipoishtaki nyumba moja ya kahawa mjini Bristol iliyokuwa ikiwapigia wateja sahani ya santuri. Watunzi walikuwa wameshapata haki yao Uingereza kitambo. Swali lilikuwa kama aliyetengeneza ile santuri naye ana cha kudai. Mahakama ikasema anacho. Mwaka uliofuata, 1934, kikazaliwa chama cha PPL cha kukusanya malipo ya rekodi, kando ya kile cha PRS cha watunzi. Tangu hapo mwenye duka wa Uingereza akawa na wageni wawili mlangoni, mpaka mwaka 2018 vyama hivyo vilipounda kampuni ya pamoja inayotoa leseni moja. Ilichukua miaka 84 kuunganisha karatasi mbili.

Marekani kuna kioja cha aina yake. Huko redio ya kawaida au mwenye baa akipiga santuri, mtunzi hulipwa lakini mwimbaji na kampuni ya rekodi hawapati kitu, kwa sababu sheria ya nchi hiyo haikuwahi kuwapa haki hiyo isipokuwa kwa matangazo ya kidijitali, na hilo nalo lilianza mwaka 1995. Kwa hiyo usimsikilize mtu anayekuambia "huko Marekani wanalipa hivi" kana kwamba sheria ya muziki ni moja dunia nzima. Mikataba ya kimataifa imeweka misingi. Nani analipa, analipia nini, na nani anasamehewa, kila nchi imejikatia yenyewe.

Redio ya bure isiyo bure

Hapa ndipo watu wenye akili zao timamu hukasirika. Kituo cha redio kimeshawalipa watunzi. Mimi nimenunua redio, nimeiwasha. Nilipe tena kwa lipi?

Jibu la Mkataba wa Berne liko wazi kuliko watu wanavyodhani. Katika marekebisho yaliyofanyika Brussels mwaka 1948, mtunzi, ambaye tayari alikuwa na haki juu ya matangazo yenyewe, aliongezewa haki juu ya kuyafikisha matangazo hayo kwa hadhara kwa kipaza sauti au chombo kingine cha namna hiyo. Yaani waliokaa kuandika mkataba walikuwa tayari wanaiona ile redio iliyowekwa juu ya kabati la duka. Kituo kililipia kuwafikia watu majumbani kwao. Wewe umeyachukua matangazo yale ukayapeleka kwa hadhira yako.

Marekani haikuridhika na jibu hilo, na mvutano wake umekuwa mrefu. George Aiken alikuwa na vibanda vya kuku wa kukaanga mjini Pittsburgh, na katika kimoja aliweka redio yenye spika nne darini. Mwaka 1975 Mahakama ya Juu ilimwachilia: kuwasha redio ni kusikiliza, si kutumbuiza. Mwaka uliofuata Bunge likaandika sheria mpya iliyobadili tafsiri hiyo, ikabakiza msamaha kwa anayetumia redio ya aina inayotumika nyumbani. Wenye migahawa wakaendelea kushinikiza, na mwaka 1998 wakapata walichotaka. Leo mgahawa au baa ya Marekani isiyofika futi za mraba 3,750, ambazo ni karibu mita za mraba 348, inaruhusiwa kufungulia redio au runinga bila leseni. Kwa maduka mengine mpaka ni futi za mraba 2,000. Aliyezidi ukubwa huo bado anasamehewa akiwa na spika zisizozidi sita, wala zisizidi nne katika chumba kimoja, na runinga zisizozidi nne, kila moja na chumba chake, kioo kisizidi inchi 55.

Angalia vizuri mpaka wa msamaha huo, maana huko ndiko wengi hutumbukia. Ni wa matangazo ya redio na runinga peke yake. Ukichomoa redio ukachomeka fleshi, au ukaunganisha simu yenye orodha ya nyimbo ulizochagua mwenyewe, msamaha umekwisha, hata duka lako liwe dogo kama kabati.

Ulaya ililalamika, ikisukumwa na chama cha watunzi cha Ireland kilichoona fedha za wanachama wake zikipotea katika baa za Marekani. Mwaka 2000 jopo la Shirika la Biashara Duniani likaamua kwamba msamaha ule mpana unakiuka mikataba. Marekani ikafanya nini? Ikalipa dola milioni 3.3 kufidia miaka mitatu, na sheria ikabaki ilivyo. Bado ipo.

Ulaya yenyewe haijaonyesha msimamo ulionyooka. Tarehe 15 Machi 2012 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilitoa hukumu mbili siku hiyo hiyo. Katika ya kwanza, daktari wa meno wa Turin aliyekuwa na muziki katika chumba chake cha tiba aliambiwa halazimiki kuwalipa watayarishaji wa rekodi: wagonjwa wake ni wachache kwa wakati mmoja, hawakufuata muziki, hawakuuchagua, na hakuna anayekuja kung'olewa jino kwa sababu ya wimbo. Katika ya pili, hoteli inayoweka redio na runinga vyumbani ikaambiwa ilipe. Madaktari wa meno wakashangilia, na Ujerumani mwaka 2015 mahakama ya juu ikamfuata mwenzao wa Turin. Lakini mwaka 2016 kituo kimoja cha tiba ya mazoezi ya viungo, kilichokuwa na runinga katika vyumba vya kusubiria na vya mazoezi, kikaambiwa na mahakama ile ile ya Ulaya kwamba hiyo ni hadhara. Kwa maoni yangu hukumu ya daktari wa meno ni uzi mwembamba. Kinyozi au mwenye saluni asijining'inize juu yake.

Kuna mstari mmoja mahakama hiyo imeuchora vizuri, nao unasaidia. Mwaka 2020 ilisema kampuni inayokodisha magari yenye redio haipigi muziki hadharani. Imetoa chombo tu, na anayeamua kukiwasha ni mteja. Mwaka 2023, katika kesi ya shirika la ndege, ikasema kuwa na spika ndani ya ndege peke yake si kupiga muziki, lakini kuwachezea abiria muziki wa kuwatuliza ni kupiga muziki hasa. Kinachohesabiwa ni kitendo cha kuwasikilizisha watu.

Kwa nini wanakuja wengi

Haiwezekani mwenye duka akawatafuta watunzi wa nyimbo elfu kumi, kila mmoja na bei yake. Haiwezekani pia mtunzi akazunguka dunia nzima akisikiliza milangoni. Ndiyo maana wanachama huvikabidhi vyama haki zao, chama kikauza leseni ya jumla: lipa ada moja kwa mwaka, piga chochote kilichomo katika hazina yetu. Vyama vya nchi mbalimbali vina mikataba ya kupokezana, kwa hiyo chama cha kwenu kinakusanya pia kwa niaba ya wanamuziki wa ng'ambo, na kile cha ng'ambo kinawakusanyia wa kwenu. Shirikisho lao la kimataifa, CISAC, lipo tangu mwaka 1926. Kwa hiyo lile jibu la "mimi napiga nyimbo za nje tu" halikuokoi.

Wingi wa vyama una sababu mbili zisizofanana, na kuzichanganya ndiko kunakofanya mtu aone amelipishwa mara mbili. Ya kwanza tumeshaiona: chama kimoja cha utunzi, kingine cha rekodi. Ufaransa na Ujerumani, chama cha watunzi hukusanya pia zile fedha za upande wa rekodi, kwa hiyo mlipaji huona karatasi chache. Sababu ya pili ni ushindani ndani ya haki ile ile. Marekani watunzi wamegawanyika katika ASCAP, BMI, SESAC na GMR. Wimbo uliotungwa na watu wanne unaweza kuwa na mmoja wao katika kila chama, na leseni ya chama kimoja haikupi ruhusa ya fungu la wengine. Mwenye baa anayetaka kulala usingizi hulipa vyote vinne.

Ada yenyewe haifuati nyimbo ulizopiga. Hupimwa kwa ukubwa wa eneo ambalo wateja wanasikia, idadi ya viti, aina ya biashara, siku za kazi, na zaidi ya yote kwa nafasi ya muziki katika biashara hiyo. Muziki wa chinichini dukani ni bei ya chini. Ukileta DJ watu wakacheza, umehama daraja. Hapo pana mambo mawili ya kuangalia kwenye fomu. Usiandike ukubwa wa jengo zima kama stoo na jiko havisikii muziki. Na usiruhusu upangwe daraja la ukumbi wa burudani kwa sababu tu una spika kubwa. Waliojaza fomu kwa uvivu hulipia stoo zao mwaka baada ya mwaka.

Na je, fedha hizo zinamfikia yule uliyempiga? Hapa nitasema wazi: kwa duka dogo, mara nyingi si moja kwa moja. Hakuna anayeandika kila wimbo uliosikika katika saluni. Vyama hutumia sampuli na kumbukumbu za nyimbo zilizopigwa redioni, kisha hugawa kwa makadirio. Mfumo huo humnufaisha anayepigwa redioni sana, na humnyima yule ambaye nyimbo zake zinapendwa katika vinyozi lakini redio haimjui. Lawama hii ni ya haki, na wanamuziki wenyewe huitoa. Ila si sababu ya kisheria ya kutolipa, kama vile barabara mbovu isivyofuta kodi.

Mitego ya njia za mkato

Njia ya mkato inayotumika zaidi ni akaunti ya kawaida ya Spotify au YouTube iliyounganishwa na spika. Masharti ya huduma hizo yanasema ni kwa matumizi binafsi, yasiyo ya kibiashara. Kwa hiyo hata ukiwa na leseni ya vyama vyote, bado unavunja mkataba wako na huduma yenyewe, kwa sababu leseni ya chama inakuruhusu kupiga hadharani, haibadilishi masharti ya mahali ulikoupata muziki. Hayo ni makufuli mawili, na kila moja lina ufunguo wake.

Kwa ajili hiyo kuna huduma za muziki zilizotengenezwa kwa biashara. Ni nzuri, lakini soma kilichomo. Marekani nyingi huwa zimeshavilipa vyama ndani ya ada zake. Ulaya, kwa kawaida, huduma inakupa muziki na chama bado unakilipa mwenyewe. Muuzaji akikuambia "hiki ni halali kabisa, huhitaji kingine," mwombe akuonyeshe kipengele kinachosema hivyo kuhusu nchi yako, kwa maandishi.

Njia nyingine ni muziki wa zamani. Beethoven alikufa mwaka 1827, utunzi wake ni wa watu wote. Lakini okestra iliyoupiga na kuurekodi juzi haijafa, na rekodi yake ina wenyewe. Utunzi hulindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo kama kiwango cha chini cha Berne, na miaka 70 katika Umoja wa Ulaya na kwingineko. Rekodi huhesabiwa peke yake.

Halafu kuna muziki unaoitwa huru, unaotolewa kwa leseni kama za Creative Commons, ambazo msanii mwenyewe huzitumia kuwaruhusu watu watumie kazi yake kwa masharti aliyoyachagua. Baadhi ya leseni hizo zinakataza matumizi ya kibiashara, kwa hiyo neno "bure" lisikuvute kabla hujasoma herufi zilizo mwisho wa jina la leseni (NC ni ile inayokataza biashara). Hata usipokatazwa, unaweza kukwama. Kampuni moja ya maduka ya mazulia nchini Ufaransa ilikuwa inachukua muziki kutoka katika hazina ya Jamendo, ya wasanii wasio wanachama wa vyama, ikiamini imeondokana na ada. Mwaka 2019 mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo ikasema malipo ya rekodi ni ya lazima kwa mujibu wa sheria na kampuni ilipe. Ujerumani nako mahakama hukichukulia chama cha watunzi cha huko, GEMA, kuwa kinawakilisha muziki wote unaopigwa hadharani, na anayedai kwamba wake haumo ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha, wimbo kwa wimbo. Ukiamua njia hii, basi weka daftari: jina la wimbo, mtunzi, msanii, mahali ulipoupata, na nakala ya leseni yake.

Bendi ikija kupiga moja kwa moja, haki za rekodi hazihusiki maana hakuna rekodi iliyopigwa, lakini za utunzi zinahusika zote. Usidhani ukiandika katika mkataba kwamba bendi itajilipia mwenyewe umetoka: tangu miaka ya 1920 mahakama za Marekani zimekuwa zikimbana mwenye ukumbi, kwa kuwa faida ya mlangoni ni yake. Muziki wa kumsubirisha mteja kwenye simu nao una leseni. Video ya duka lako unayoiweka mtandaoni na wimbo chini yake ni haki nyingine kabisa, ya kuunganisha muziki na picha. Leseni ya kupiga dukani haiigusi, na ndiyo sababu TikTok ina hazina ya pekee ya nyimbo kwa akaunti za biashara.

Kisha kuna hili, ambalo huwachekesha watu mpaka liwapate: mwenye mgahawa ambaye pia ni mwanamuziki, akipiga nyimbo zake mwenyewe. Kama ni mwanachama wa chama na ameshakikabidhi haki zake, chama kinaweza kumdai leseni ya kazi yake mwenyewe. Atalipa kwa mkono mmoja, na baada ya makato atapokea kidogo kwa mkono mwingine.

Mgeni akifika

Matapeli sasa. Anayekuja kukusanya kwa halali ana chama kinachojulikana, na katika nchi nyingi chama hicho kina kibali cha mamlaka ya hakimiliki, ambayo unaweza kuipigia simu ukauliza. Ana kiwango cha ada kilichochapishwa. Fedha zinakwenda kwenye akaunti ya chama, haziingii mfukoni mwake wala kwenye namba yake ya simu. Anaweza kukuambia leseni yake ni ya utunzi au ya rekodi. Akishindwa kujibu swali hilo moja, mwambie arudi na mwenye kujua. Usimfukuze kwa matusi wala usimlipe kwa woga. Chukua jina, tarehe na karatasi, kisha wasiliana na ofisi mwenyewe.

Barua za chama halali usizitupe kapuni. Kimya hutafsiriwa kuwa kudharau kwa makusudi, na hapo ndipo gharama hupanda. Marekani mahakama inaweza kutoza dola 750 hadi 30,000 kwa kila wimbo, na kufika dola 150,000 kama kosa ni la kusudi. Leseni ya mwaka mzima kwa duka dogo haikaribii huko. Kama umeshapiga muziki miaka bila leseni, mara nyingi mazungumzo ya mapema huisha kwa bei iliyo chini ya ile ya mahakamani.

Ukiamua kuacha muziki, kiandikie chama, taja tarehe uliyozima, ubaki na nakala. Leseni nyingi hujihuisha zenyewe mwaka ukigeuka.

Na mfanyakazi wako akianza kuimba mwenyewe baada ya redio kuzimwa? Hilo limetokea kweli. Mwaka 2009 huko Scotland, mwajiri mmoja aliondoa redio dukani baada ya kuonywa na chama cha watunzi. Mama aliyekuwa akipanga bidhaa kwenye rafu akaanza kujiimbia, na chama kikamwambia kwamba hata hiyo inahitaji leseni. Habari zilipotoka magazetini, chama kilirudi kikiwa mnyonge, kikamwomba radhi na kumpelekea shada la maua.